Saa Sita Usiku Ulikuwa Wapi?

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Leicester mbele ya Waswahili wenzangu wenye pasipoti ya Uingereza, wanaojiandaa kurudi Afrika Mashariki au kwenda kufanya kazi Ghuba. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Nimepunguza utani kidogo na kurekebisha tarakimu mbili tatu nilizozitaja kwa haraka.

Assalaam aleikum. Na kwa wasioitikia hiyo, habari za jioni. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango mkisubiri harufu ya biriani, asanteni kwa kuja.

Nianze na swali. Mwaka jana, saa sita usiku ulikuwa wapi? Naona kina baba wanacheka. Swali hili tumezoea kuulizwa na wake zetu. Mimi leo nauliza kwa niaba ya HMRC, mamlaka ya mapato ya Uingereza, maana wao ndio wenye kulitaka jibu kwa maandishi, usiku mmoja mmoja, mwaka mzima.

Sisi tunadhani mtu ameondoka Uingereza siku alipouza kochi, akafunga masanduku, akapigwa picha Heathrow na familia nzima. Serikali haina habari na kochi lako. Tangu 6 Aprili 2013 kuna kipimo kilichoandikwa kwenye sheria cha kuamua nani ni mkaazi kwa ajili ya kodi na nani siye, na msingi wake ni huo: saa sita usiku ulikuwa ndani ya nchi au nje? Ukiwa ndani, siku hiyo imehesabiwa. Ukitua asubuhi ukaondoka jioni, kwa kawaida haihesabiwi, ingawa wanaojaribu kufanya mchezo huo mara kwa mara nao wametungiwa kanuni yao.

Mwenye kuondoka, yaani aliyekuwa mkaazi hata mwaka mmoja kati ya mitatu iliyopita, ana usalama kamili akilala hapa chini ya siku 16 katika mwaka wa kodi. Kumi na tano, basi. Akishatimiza miaka mitatu mizima ya kutokuwa mkaazi, anaongezewa: chini ya siku 46. Na anayelala siku 183 au zaidi hana mjadala, huyo ni mkaazi hata akiwa amejenga ghorofa Mikocheni.

Mtihani uko katikati. Hapo wanaangalia kamba zinazokufunga na nchi. Mke au mume anaishi hapa? Kamba. Una mahali pa kulala panapokusubiri? Kamba. Unafanya kazi hapa siku 40 au zaidi? Kamba. Ulilala hapa zaidi ya siku 90 katika mmoja wa miaka miwili iliyopita? Kamba. Na kwa anayeondoka, kama hakuna nchi nyingine uliyolala zaidi ya hapa, hiyo ni ya tano. Kadiri unavyolala zaidi, ndivyo kamba chache zinavyotosha kukuvuta. Ukilala siku 16 hadi 45, mpaka ziwe nne. 46 hadi 90, tatu. 91 hadi 120, mbili. Ukizidi hapo, moja tu.

Sasa niwaambie mimi mwenyewe nilivyofungwa, maana sikuja hapa kwa sababu ya kujua. Mimi si mhasibu mwenye leseni. Nilifanya kazi ofisi ya mishahara, nikikata kodi za watu wengine kwa miaka mingi, na nikajiona bingwa. Niliingia nchi hii 1982, nikaondoka kiangazi cha 2017 kurudi Tanga. Mwaka uliofuata binti yangu akajifungua mtoto wa kwanza. Nani atakaa Tanga mjukuu anazaliwa Leicester? Nikaja. Nikalala siku 58.

Hesabu nami. Mke wangu alikuwa bado hapa, akimalizia miaka yake ya kazi: kamba ya kwanza. Mwaka wa 2016 nilikuwa nalala hapa kila siku, kwa hiyo ile ya siku 90: ya pili. Nikasema basi, mbili, niko salama, maana nyumba yangu nimepangisha, sina pa kulala. Kumbe nilikuwa nalala kwa binti yangu, kwenye chumba kilichokuwa wazi kwa ajili yangu muda wote. Nyumba ya ndugu wa karibu huhesabiwa kuwa makazi yako ukilala humo siku 16 au zaidi. Ya tatu hiyo. Siku 58, kamba tatu: mzee wa Tanga ni mkaazi wa Uingereza.

Maana yake nini? Mkaazi hutozwa kodi kwa mapato ya dunia nzima. Nina fremu tatu za maduka kule Ngamiani, na wapangaji wangu wanazikatia TRA kodi ya zuio ya asilimia 10. Ikabidi na hizo nizieleze hapa. Uingereza na Tanzania hazina mkataba wa kuzuia mtu kutozwa kodi mara mbili, ingawa Kenya wanao, uliotiwa saini 1973, na Uganda wanao wa 1992. Kilichoniokoa ni kwamba Uingereza, kwa sheria yake yenyewe, huipunguza kodi yake kwa kiasi ulichokwisha kulipa nje, hata pasipo mkataba. Lakini lazima uwe na risiti. Risiti za fremu za Ngamiani! Nilimpigia mpangaji wangu wa vitenge akaniuliza kama nimeshikwa na polisi.

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi daftari la mali nilikuwa nalo. Nililokosa ni daftari la kulala. Sasa ninalo, hili hapa, la shule, la kurasa 96. Tarehe, mji, na ndani yake nabandika kipande cha tiketi ya ndege.

Msidhani nazidisha. Kuna kesi moja iliyokwenda mpaka Mahakama ya Rufaa ya hapa, wakatoa hukumu Februari 2025. Mama mmoja, jina lake limefichwa, alihamia Ireland Aprili 2015. Mwaka huo akapokea gawio la hisa la karibu pauni milioni nane. Ruhusa yake ilikuwa siku 45, akalala 50. Tano tu zimezidi. Akasema zile za ziada alikuja kumhudumia pacha wake, mgonjwa wa ulevi, aliyekuwa na watoto wadogo. Sheria inaruhusu kutohesabu siku za dharura zisizozuilika, mwisho siku 60. Je, kumkimbilia pacha wako ni dharura, au ni hiari yako? Baraza la kwanza likasema ni dharura. La juu yake likakataa. Mahakama ya Rufaa ikamrudishia ushindi. Miaka karibu kumi tangu ahame, kwa ajili ya siku tano za kumuuguza ndugu. Sisi ambao msiba mmoja unatuweka arobaini nzima tuisome kesi hii vizuri. Na tujue kwamba arusi, aqiqa na kuzaliwa kwa mjukuu havimo kwenye dharura. Nilijaribu.

Mwaka wenyewe wa kodi nao una vituko. Unaanza 6 Aprili. Kwa nini tarehe sita, jamani? Zamani mwaka wa Waingereza ulianza 25 Machi. Mwaka 1752 wakabadilisha kalenda, wakalala 2 Septemba wakaamka 14, siku 11 zimeyeyuka. Hazina haikukubali kupunjwa siku zake, ikasogeza mwaka wake mbele. Karne zimepita, sisi tunahesabu vitanda vyetu kwa ugomvi wa kalenda wa mwaka 1752. Kule kwetu TRA na KRA hufuata Januari hadi Desemba, kwa hiyo karatasi zako za nchi mbili hazitaoana hata siku moja. Zoea.

Ukiondoka, jaza fomu P85 kuwajulisha. Kama wewe ni mtu wa kujaza ritani kila mwaka, utaongeza kurasa za SA109 za ukaazi. Na hapa pana mtego mdogo: ule mtandao wa bure wa serikali haupokei SA109. Ama ununue programu, ama upeleke karatasi, na karatasi mwisho wake ni 31 Oktoba badala ya 31 Januari. Ukichelewa hata siku moja ni pauni 100, na ukipita miezi mitatu ni pauni 10 kwa siku hadi siku 90. Barua zangu za faini zilikuwa zinakwenda kwenye ile nyumba niliyopangisha. Mpangaji, Mungu amjalie, hakutupa hata moja. Alinikabidhi zote kwenye mfuko wa plastiki, zimepangwa kwa tarehe.

Na shikilieni namba zenu za simu za Uingereza. Hili halimo katika sheria yoyote, lakini ukiipoteza ile laini huwezi kuingia popote: si benki, si akaunti ya kodi, maana namba ya siri inatumwa kwenye simu iliyo kwa fundi Barabara ya Kumi na Mbili.

Haya, nyumba. Nawaona mnakaa vizuri. Kila mtu hapa mpango wake ni mmoja: nyumba ya Leicester ipangishwe, kodi ije Zanzibar au Mombasa, tule kwa raha. Kiswahili chetu kimetufanyia mzaha hapa. Anachotoa mpangaji ni kodi, na anachotaka serikali ni kodi. Mwenye nyumba aliye nje ya nchi kwa miezi sita au zaidi, kodi yake inakatwa kodi. Wakala wa nyumba anatakiwa na sheria akate asilimia 20 ya kile kinachobaki baada ya gharama alizolipa, aipeleke HMRC. Kama huna wakala, ni mpangaji mwenyewe anayetakiwa akate, ikiwa anakulipa zaidi ya pauni 100 kwa wiki. Fikiria kumweleza hivyo mpangaji wako.

Dawa yake ni fomu NRL1. Unaomba kupokea kodi yako nzima bila kukatwa, na unajieleza mwenyewe mwisho wa mwaka. Si msamaha, usije ukasema mzee alituambia hakuna kodi. Ni kuaminiwa tu. Wakala wangu wa kwanza hakunitajia fomu hii, nami sikuuliza. Nikakatwa miaka miwili, kisha nikahangaika kudai kilichozidi.

Kilichozidi kinatoka wapi? Raia wa Uingereza hata akiishi nje anabaki na ile pauni 12,570 ya kwanza isiyotozwa kodi. Kwa miaka mingi mtu mwenye kijumba kimoja hakufikia hapo, akawa hadaiwi kitu. Lakini sikilizeni hesabu hii. Pensheni kamili ya serikali tangu Aprili 2026 ni pauni 241.30 kwa wiki. Zidisha mara 52: pauni 12,547.60. Imebaki pauni 22 na senti kidogo mpaka ukingoni. Kiwango hicho cha 12,570 kimegandishwa mpaka 2031. Kwa hiyo mwenye pensheni kamili kwa bei ya leo, kila pauni ya kodi ya nyumba inaangukia mdomoni mwa serikali, na kuanzia Aprili 2027 kodi ya chini kabisa kwa mapato ya nyumba inapanda kutoka asilimia 20 kwenda 22.

Na ukiuza? Kabla ya 2015 aliyeko nje aliuza nyumba yake ya hapa faida yote ikawa yake. Mlango huo ulifungwa 6 Aprili 2015. Sasa faida inatozwa asilimia 18 au 24, na unatakiwa utoe taarifa ndani ya siku 60 za kukamilisha mauzo, hata kama hudaiwi senti. Miaka uliyoishi humo mwenyewe haitozwi, pamoja na miezi tisa ya mwisho. Ndiyo maana namwambia kila anayeniuliza: kama moyo wako umeshaamua kuuza, uza karibu na kuondoka. Wengi hawanisikilizi. Nyumba ya Uingereza ni kama jino la dhahabu, mtu anataka kufa nalo.

Sasa pensheni. Hapa nitasema polepole, na mtanisamehe sauti ikipanda.

Pensheni yangu ilianza 2017 kwa pauni 159.55 kwa wiki. Leo ni ngapi? Pauni 159.55. Rafiki yangu tuliyefanya naye kazi meza moja, tulioanza pensheni mwaka mmoja, yeye akabaki mtaa wa pili kutoka hapa, anapata 241.30. Tofauti ni pauni 81.75 kila wiki, pauni 4,251 kwa mwaka. Tulichangia sawa. Mimi kosa langu ni kwamba nalala Tanga.

Hii ndiyo pensheni iliyogandishwa. Ukihamia nchi za Ulaya, au Marekani, Jamaika, Ufilipino, Uturuki, hata Mauritius hapo jirani, pensheni inapanda kila Aprili kama kawaida, kwa sababu kuna makubaliano. Ukihamia Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo, Omani au Dubai, inasimama pale ulipoondoka nayo. Kanada na Australia pia, kwa hiyo tusidhani ni ubaguzi wa rangi; tuliogandishwa ni zaidi ya laki nne, na wazungu wamo pamoja nasi. Mama mmoja, Annette Carson, aliyehamia Afrika Kusini 1989, alilipeleka jambo hili mahakamani. Akashindwa hapa mbele ya mabwana wa sheria, majaji wa juu kabisa wa wakati huo, 2005. Akaenda Strasbourg, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, akashindwa tena 16 Machi 2010, majaji 11 kwa 6. Walisema michango ya National Insurance, yaani bima ya taifa, si kama bima uliyonunua. Inaingia kwenye mfuko mmoja mkubwa, na serikali ina hiari ya kupandisha kwa nani. Nami niliyekata michango hiyo kwenye mishahara ya watu miaka yote ile, neno "bima" limeandikwa pale pale kwenye karatasi ya mshahara, nimebaki nimeduwaa.

Kichekesho chake ni hiki. Ukija kutembea, kwa wiki unazokaa hapa una haki ya kulipwa kiwango cha leo, ukiwajulisha. Kwa hiyo saa hizi nilivyosimama mbele yenu mimi ni mtu wa pauni 241.30. Nikipanda ndege nakirudisha mlangoni.

Mtu akiniuliza basi nisirudi? Siwezi kumjibu. Pauni 159 Tanga bado ni pesa ya heshima. Miaka 20 ijayo, shilingi ikifanya yale tunayoyajua na nyanya zikipanda bei, sijui kama itakuwa heshima hiyo hiyo. Piga hesabu ya kuondoka kwa pensheni isiyosogea, usipige kwa ile ya jirani yako wa hapa.

Kuna na cheti cha uhai. Wizara ya kazi na pensheni hutuma fomu nje kuuliza kama bado unapumua, na shahidi anayekubalika lazima atie saini. Isiporudi, pensheni inasimamishwa. Fomu hiyo inakuja kwa posta. Nani kati yetu ana sanduku la posta analolifungua kila wiki? Wengi tunatumia S.L.P. ya shule ya mpwa. Shule ikifungwa mwezi mzima, wewe umekufa.

Vijana, msiondoke, zamu yenu. Nyinyi mnaokwenda Dubai, Doha na Maskati. Huko mwajiri hana pensheni kwa mgeni, kuna kiinua mgongo cha mwisho wa kazi tu, na wengi wanakila kwenye ndege ya kurudi. Kwa hiyo michango yenu ya hapa ndiyo akiba ya uzeeni. Ili upate pensheni yoyote unahitaji miaka 10 ya michango, na anayeanza leo anahitaji 35 kwa pensheni kamili. Mpaka 5 Aprili 2026 aliyeko kazini nje aliweza kujilipia mwaka kwa kiwango cha chini, pauni 3.50 kwa wiki. Niliwapigia kelele watu miaka mitano wajaze fomu CF83 walipe, wakasema inshaallah. Sasa kiwango hicho kimeondolewa kwa walio nje. Kimebaki kile cha zaidi ya pauni 18 kwa wiki, yaani zaidi ya pauni 900 kwa mwaka, na anayeanza sasa lazima awe ameishi au kuchangia hapa miaka 10 kwanza. Hata hivyo bado inalipa. Mwaka mmoja unakuongezea moja ya 35 ya pensheni, kama pauni 6.90 kwa wiki. Ndani ya miaka mitatu ya pensheni umerudisha pesa yako.

Kodi ya mshahara Dubai hakuna. Omani nao wametunga sheria: kuanzia 1 Januari 2028, asilimia 5 kwa mapato yanayozidi riali 42,000 kwa mwaka, kwa hiyo wengi wenu haiwahusu, na inayemhusu nitampigia simu ya mkopo. Lakini ili Uingereza ikuache, ukiwa na kazi ya muda wote kule, lala hapa chini ya siku 91, na siku ulizofanya kazi hapa zisifike 31. Siku ya kazi ni zaidi ya saa tatu. Unakuja Ramadhani kwa mama, unafungua kompyuta jikoni asubuhi, unajibu barua za ofisi ya Dubai mpaka adhuhuri. Hiyo ni siku ya kazi Uingereza, imehesabiwa, na mama anashuhudia.

Mkopo wa chuo unakufuata. Unatakiwa ueleze kipato chako cha nje, na kiwango cha kuanza kulipa hutegemea nchi uliyopo. Akaunti ya ISA, ile ya akiba isiyotozwa kodi, unabaki nayo lakini huongezi pesa mpya ukishakuwa si mkaazi. Ukiuza huko nje hisa ulizoondoka nazo kisha ukarudi kabla ya miaka mitano, faida inakungoja uwanja wa ndege. Na posho ya watoto: ukitoka na watoto zaidi ya wiki nane, kwa kawaida imekwisha. Mwaka 2025 HMRC walitumia kumbukumbu za safari zenye mapengo, wakasimamisha posho za familia zaidi ya 20,000, zikiwemo zilizokuwa zimerudi likizo zamani na ziko nyumbani zinakula chakula. Mwenye tiketi ya kurudi ana cha kujitetea. Daftari, wanangu. Daftari.

La benki ni fupi. Wapo wanaofunga akaunti wakijua umehama, kwa hiyo uliza kabla ya kuondoka ni benki gani inakubali anuani ya nje. Usiwadanganye kwamba unaishi kwa dada yako East Ham. Nchi zaidi ya mia moja sasa zinabadilishana taarifa za akaunti za wageni, Uingereza, Omani na Falme za Kiarabu zikiwemo. Uongo wa anuani hautadumu, na dada yako ndiye atakayepokea barua.

Na mirathi, kabla sijamwachia sheikh nafasi. Zamani waliangalia asili ya mtu, baba yake alizaliwa wapi, moyo wake uko wapi. Tangu 6 Aprili 2025 ni hesabu tu: ukiwa umekuwa mkaazi miaka 10 kati ya 20 iliyopita, kodi ya mirathi ya asilimia 40, juu ya pauni 325,000 za mwanzo, inagusa mali yako ya dunia nzima. Shamba la mikarafuu Pemba limo. Ukiondoka baada ya kuishi miaka 20, kivuli hicho kinakufuata miaka 10 mingine. Nyumba ya hapa yenyewe hata usipokuwa mkaazi milele inabaki chini yao.

Mke au mume kwa kawaida husamehewa kodi hii. Lakini mke yupi? Wako humu ndani waliofunga ndoa sebuleni kwa sheikh hapa Leicester na hawakuandikisha kwa serikali. Mbele ya Mungu ni mke na mume. Mbele ya mahakama ya Uingereza, yule mama si mjane, hana msamaha, na kama hakuna wasia hana fungu. Na hata walioandikisha, bila wasia, na kukiwa na watoto, sheria ya hapa inampa mwenzi pauni 322,000 za mwanzo na nusu ya kinachobaki, haijui thumuni wala robo. Anayetaka mirathi yake igawanywe kama dini yake inavyosema lazima aandike hivyo kwenye wasia unaokubalika hapa, mashahidi wawili wakiwa wamesimama pale pale. Sheikh ataeleza mafungu. Mimi nilitaka kueleza bei ya kunyamaza.

Naona sinia zinaingia, na mimi si mtu wa kushindana na sinia. Kuna mkono pale nyuma. Naam, mama.

Bi mkubwa anauliza, mzee wewe mwenyewe mwaka huu umebakiwa na siku ngapi. Ngoja nifungue daftari. Nimeshavuka ile miaka mitatu, kwa hiyo ruhusa yangu ni kulala 45. Nimetumia… usiku wa leo, panapo majaaliwa, utakuwa wa 19. HMRC wamenibakishia 26. Mke wangu, aliyeko Tanga na fremu zake, amenibakishia tano.